NAS Imekuwa Nzito Ghafla na Hujui Sababu: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo Hatua kwa Hatua

Watu wengi wanakwama sehemu hii hii. NAS (kompyuta ya kuhifadhia mafaili ambayo wote mnaifikia kwa mtandao) ilikuwa inakimbia vizuri tu, siku moja ikaanza kuvuta miguu, faili la GB 10 lililokuwa linaingia kwa dakika moja na nusu sasa linakula robo saa nzima, na mwenyewe anaanza kununua vitu. Swichi mpya. RAM zaidi. Wengine wanaipiga chini programu yote na kuanza upya, hela na wikiendi zinaisha na uzito uko pale pale. Sio kwamba hawajui kompyuta, ni kwamba wanabadilisha vitu kabla ya kupima.

Mfano nitakaoutumia humu ni studio moja ya kuhariri video za harusi pale Sinza, Dar es Salaam. Wana NAS inayotumia programu ya TrueNAS SCALE, yenye diski nne za TB 4 kwenye raidz1 (aina ya raidi, yaani kundi la diski, inayovumilia diski moja kufa), laptopu tatu na swichi moja. Walipoanza walikuwa wanakopi kwa MB 110 kwa sekunde, nilipofika ilikuwa MB 9, tena inasimama kabisa kwa sekunde kadhaa halafu inaendelea. Swichi walikuwa wameshanunua mpya.

Amri za hapa ni za Linux (Debian, Ubuntu, TrueNAS SCALE, OpenMediaVault). Kama yako ni Synology au QNAP, mengi utayaona kwenye menyu ya Resource Monitor, mpangilio wa hatua unabaki ule ule.

## Andaa hivi kwanza

- Laptopu moja yenye tundu la kebo ya mtandao. Usipime kwa Wi-Fi, Wi-Fi inapanda na kushuka yenyewe na itakudanganya mchana kutwa.
- Kebo mbili za mtandao ambazo una uhakika nazo, Cat5e au Cat6.
- Kebo moja ya SATA mpya (inayounga diski na ubao), kama NAS yako ni ya kuunga mwenyewe.
- Njia ya kuingia kwenye NAS kwa SSH (kuandika amri ukiwa kwenye laptopu), na nenosiri la msimamizi.
- Programu hizi: iperf3, ethtool, sysstat, smartmontools, hdparm na fio. Kwenye Debian na Ubuntu: `apt install iperf3 ethtool sysstat smartmontools hdparm fio`
- Karatasi na kalamu. Namba zote ziandikwe, usitegemee kichwa.
- Bekapu ya mafaili ambayo huwezi kuyapata tena, kwenye diski ya nje kabisa. Raidi sio bekapu. Kama chanzo ni diski inayokufa, vipimo vyenyewe vinaweza kuimalizia, kwa hiyo hapa usinisikilize nusu nusu: kopi kwanza, pima baadaye.

## Hatua ya 1: Andika ugonjwa kwa namba

"Iko slo" sio dalili. Jibu haya kwenye karatasi: uzito uko kwenye kusoma, kuandika, au kote? Ni laptopu moja au zote? Ni mafaili makubwa au madogo? Ni muda wote au saa fulani?

Sababu ya kujiuliza ni kwamba majibu yanakata nusu ya kazi. Laptopu moja tu ikiwa nzito na nyingine zinaenda, NAS haina kosa, angalia antivirusi, kebo na kadi ya mtandao ya hiyo laptopu. Mafaili madogo elfu kumi yakienda polepole na moja kubwa likaenda haraka, huo ni mwendo wa kawaida, kila faili dogo lina kufunguliwa na kufungwa kwake na diski ya kuzunguka inaumia hapo.

Kopi faili moja la GB 10 kwenda NAS halafu lingine kutoka NAS, andika MB kwa sekunde. Usitumie faili lile lile kurudi, maana NAS itakuwa bado inalo kwenye RAM na utapata namba nzuri isiyo ya kweli.

Ukifaulu: una namba mbili, ya kuandika na ya kusoma. Sinza zilikuwa 9 na 14, laptopu zote tatu, muda wote.

## Hatua ya 2: Cheki kama kuna kazi inaendelea nyuma

Kabla hujagusa kitu, uliza NAS inafanya nini sasa hivi.

`zpool status` kama unatumia ZFS (mfumo wa diski wa TrueNAS)

`cat /proc/mdstat` kama unatumia raidi ya kawaida ya Linux

Ukiona *scrub* au *check* (ukaguzi), *resilver* au *recovery* (kujenga upya diski) inaendelea, basi diski zinasomwa zote kuanzia mwanzo mpaka mwisho na wewe unagombania nafasi nazo. Kwenye Debian ukaguzi wa raidi unajianzisha wenyewe Jumapili ya kwanza ya mwezi, ndio maana kuna watu wanalalamika uzito "unakuja na kuondoka" na hawaelewi. Subiri uishe, pima tena. Angalia pia programu za picha na video zinazotengeneza vijipicha, ukimwaga picha elfu ishirini leo NAS inaweza kushinda inazitafuna hadi kesho.

Onyo: usiikatishe *resilver* wala *recovery*. Hapo NAS inajenga upya diski iliyopotea na huna kinga nyingine.

Na ukiona neno DEGRADED au FAULTED, acha mwongozo huu hapa hapa, tatizo lako mara nyingi ni diski iliyokufa, nenda Hatua ya 8.

## Hatua ya 3: Pima mtandao peke yake

Data inatoka kwenye laptopu, inapita kebo, swichi, kebo nyingine, inaingia NAS, ndipo inafika kwenye diski. Tunataka kupima njia bila kugusa diski.

Kwenye NAS:

`ethtool eth0 | grep -E "Speed|Duplex"`

(jina la kadi linaweza kuwa tofauti, `ip link` itakuonyesha). Unataka 1000Mb/s na Full. Ukiona 100Mb/s, umeshapata. Gigabiti inahitaji nyaya zote nane ndani ya kebo, mmoja ukikatika au ukilegea kwenye kichwa, mara nyingi pande mbili zinakubaliana kushuka hadi 100 kimya kimya, taa inaendelea kuwaka kama kawaida. Mwendo unakuwa kama MB 11 kwa sekunde na unaganda pale pale, haupandi haushuki. Ukiona 11 iliyoganda, badilisha kebo kwanza kabla ya kuwaza chochote.

Halafu pima njia nzima. Kwenye NAS andika `iperf3 -s`, kwenye laptopu:

`iperf3 -c 192.168.1.50`

`iperf3 -c 192.168.1.50 -R`

Weka IP ya NAS yako. Ile -R inapima upande wa kurudi, usiiruke, nimeshakuta kebo inayoenda vizuri upande mmoja na upande mwingine inapoteza pakiti.

Ukifaulu: unapata kama Mbits 940 kwa sekunde pande zote mbili. Hiyo ndiyo gigabiti yenye afya, na kwa mafaili ni kama MB 110 hadi 115. Ukipata hivyo, mtandao umetoka kwenye lawama, usirudi kuugusa.

Ukipata pungufu, badilisha kitu kimoja kwa wakati, kebo ya kwanza, kebo ya pili, tundu la swichi, na pima kila mara. Na kama kuna mtu aliwahi kuweka MTU (ukubwa wa pakiti za mtandao) 9000 ili "iongeze spidi", irudishe 1500 kwenye kila kifaa, kikibaki kimoja tofauti unapata kukwama kwa ajabu ambako hakueleweki.

Sinza tulipata 941 kwenda na 938 kurudi. Ile swichi ya zamani waliyoitupa pembeni haikuwa na kosa lolote.

## Hatua ya 4: Angalia kila diski ikiwa kazini

Hapa ndipo pana jibu mara nyingi, na ndipo watu wanaporuka, kwa sababu kwenye menyu NAS inasema kila kitu ni kijani.

Jambo la kuelewa ni hili. Kwenye raidi, faili linakatwa vipande na kila diski inabeba chake. Kundi haliwezi kusema "nimemaliza" mpaka diski ya mwisho imalize. Kwa hiyo diski moja inayochechemea inazifanya nyingine tatu nzima zikae zinaisubiri, na kwa sababu haijafa, hakuna kengele inayolia. NAS inalia diski ikifa au ikitoa makosa, sio ikiwa nzito tu.

Anza kukopi faili kubwa kutoka laptopu, na huku kwenye NAS andika:

`iostat -xd 5`

Jedwali la kwanza litupe, hilo ni wastani tangu NAS iwake. Subiri la pili na kuendelea. Angalia safu tatu: r_await na w_await, yaani milisekunde ambazo ombi linasubiri kwenye kusoma na kuandika, na %util, yaani diski imebanwa kiasi gani.

Usiangalie kama namba ni kubwa au ndogo peke yake. Linganisha ndugu na ndugu. Diski nne za aina moja, kazi moja, zinatakiwa kufanana. Hizi ndizo nilizoandika Sinza:

sda: w_await 9, util 11%
sdb: w_await 12, util 12%
sdc: w_await 1140, util 100%
sdd: w_await 10, util 11%

Huhitaji shule kusoma hapo. Ombi moja kwenye sdc linasubiri zaidi ya sekunde moja nzima wakati wenzake wanamaliza ndani ya milisekunde kumi hivi.

Ukifaulu: ama umeona moja imejitenga na wenzake, nenda Hatua ya 5, ama zote zinafanana, ruka hadi Hatua ya 7.

## Hatua ya 5: Ihoji hiyo diski, na usiamini PASSED

`smartctl -a /dev/sdc`

Hiyo inasoma SMART, kumbukumbu za afya ambazo diski inajiwekea yenyewe. Juu utaona PASSED. Hilo neno limewapoteza wengi sana. Linamaanisha tu kwamba hakuna kipimo kilichovuka mstari uliowekwa na mtengenezaji, na mistari hiyo imewekwa mbali mno. Shuka chini usome safu ya mwisho, RAW_VALUE, ya hizi:

- Namba 5, Reallocated_Sector_Ct: sehemu mbovu ambazo diski imeshazihamisha. Chache zilizotulia zinavumilika, zinazoongezeka kila wiki hazivumiliki.
- Namba 197, Current_Pending_Sector: sehemu inazoshindwa kuzisoma na bado haijaamua. Ikizidi sifuri, na NAS ni nzito, mshukiwa wako huyo.
- Namba 199, UDMA_CRC_Error_Count: data inaharibika njiani kati ya diski na ubao. Hii kwa kawaida ni kebo ya SATA au tundu, sio diski. Namba hii hairudi sifuri hata ukibadilisha kebo, unachoangalia ni kama inaendelea kupanda.
- Namba 194, joto. Ikizidi nyuzi 50, safisha vumbi kwenye feni. Hizi NAS zinazofungiwa kwenye kabati bila hewa, kwa joto la Dar au Mombasa, zinapikwa.

Halafu soma logi:

`dmesg -T | grep -iE "ata[0-9]|reset|error"`

Ukiona "hard resetting link" au "limiting SATA link speed to 1.5 Gbps" imerudiwa rudiwa, ni mawasiliano yanakatika, anza na kebo.

Mwisho pima mwendo wa kusoma wa kila diski, NAS ikiwa imetulia, hakuna mtu anakopi:

`hdparm -t /dev/sda`

Rudia mara tatu kwa kila diski. Nashauri hii badala ya dd kwa sababu hii inasoma tu. Kwenye dd ukigeuza if na of kwa bahati mbaya unaiandikia diski juu ya mafaili, na wapo walioipoteza kazi ya miaka kwa herufi moja.

Ukifaulu: diski nzima za kuzunguka mara nyingi zinatoa kati ya MB 130 na 250 kwa sekunde, kutegemea aina, na ndugu wanakaribiana. Kule studio tatu zilitoa 160 na ushee, sdc ikatoa 21, mara ya pili 34, mara ya tatu 19. SMART yake? PASSED. Namba 5 sifuri, 197 sifuri, 199 sifuri. Ndio maana walihangaika miezi miwili.

## Hatua ya 6: Hamisha diski uone ugonjwa unaenda wapi

Usiende kununua diski bado. Inaweza kuwa diski, kebo au tundu, na kipimo cha kuzitenganisha ni cha bure.

Kwanza andika namba ya kiwandani (serial) ya kila diski:

`smartctl -i /dev/sdc | grep Serial`

Namba hiyo imebandikwa pia juu ya diski yenyewe. Fuata hiyo, usifuate majina sda na sdc, kwa sababu majina hayo yanaweza kubadilishana NAS ikiwaka upya. Narudia kwa sababu hapa ndipo mafaili ya watu yanapopotelea: mtu anaona sdc ni mbovu, anazima, anawasha, anachomoa sdc, kumbe leo sdc ni nyingine nzima, na ile mbovu imebaki ndani.

Zima NAS kabisa. Badilishana nafasi kati ya diski mbovu na moja nzima, kila moja ikae kwenye kebo na tundu la mwenzake. Washa, hakikisha `zpool status` inasema ONLINE zote, rudia iostat na hdparm.

- Uzito ukihama pamoja na namba ya diski, diski ndiyo mgonjwa.
- Uzito ukibaki kwenye tundu lile lile na sasa diski nzima ndiyo inachechemea, badilisha kebo ya SATA, ukibaki bado basi ni tundu la ubao.

Onyo: ZFS na raidi ya Linux zinazitambua diski kwa alama zilizoandikwa ndani yake, nafasi sio tatizo. Lakini kama una kadi ya raidi au NAS ya boksi, usizungushe diski, badilisha kebo tu kama inabadilishika, au mpelekee fundi.

Sinza uzito ulihama na diski.

## Hatua ya 7: Diski zote zinafanana lakini bado nzito

Hapa napita haraka, ni mambo manne.

Nafasi. `zpool list`, angalia CAP. Ikishapita 80% ZFS inaanza kuhangaika kutafuta pa kuandika, na 90% na kuendelea unaisikia. Futa au ongeza diski.

Diski za SMR. Hizi njia zake za kuandikia zinalaliana kama vigae, zinapokea haraka kwa GB za mwanzo halafu zinaanguka vibaya. Dalili yake ni kukopi kunaanza 110 na baada ya muda kunakuwa 10 au chini, halafu ukiiacha usiku kucha asubuhi iko sawa. Soma modeli. Aprili 2020 ilikuja kujulikana kwamba WD Red za TB 2 hadi 6 zinazoishia na EFAX ni SMR, Seagate Barracuda ST4000DM004 nayo ni hivyo hivyo. Kwenye raidi zikae mbali, dukani ulizia CMR, zile ambazo njia zake hazilaliani.

Maandishi ya kusubiri. Ukitumia NFS (njia ya Linux ya kushea mafaili) au mashine pepe, kila andiko linasubiri lifike kwenye diski kweli. Kuna watu wanashauri `sync=disabled`. Inakimbia ndio, lakini umeme ukikatika unapoteza sekunde za mwisho za kazi na mashine pepe inaweza isiwake tena. Kwa umeme wetu huu, sikushauri. Weka SSD ya SLOG (inayopokea maandiko hayo haraka kwa niaba ya diski) yenye kinga ya umeme kukatika.

RAM. `free -h`, ukiona swapu (diski ikitumika kama RAM) inatumika sana, zima programu za ziada. Na kama mtu aliwasha *dedup* (kuhifadhi mara moja tu data inayojirudia), hiyo inakula RAM kama moto, izime, ingawa mafaili ya zamani yatabaki hivyo mpaka uyaandike upya.

Ukitaka kujua kama diski zote kwa pamoja zinafanya kazi bila mtandao, tengeneza folda ya majaribio upime hivi, saizi iwe mara mbili ya RAM yako:

`fio --name=jaribio --directory=/mnt/data/jaribio --rw=write --bs=1M --size=32G --refill_buffers --end_fsync=1`

fio ikitoa zaidi ya MB 115 na iperf3 ilitoa 940, lakini kukopi bado ni kuzito, basi kosa liko kwenye SMB (njia ya kushea mafaili inayotumiwa na Windows) au kwenye laptopu. Jaribu laptopu nyingine, na fungua folda kwa IP badala ya jina.

## Hatua ya 8: Badilisha diski, kisha thibitisha

Diski mpya iwe na ukubwa ule ule au zaidi, na iwe CMR. Kabla ya kuiingiza hakikisha bekapu ya leo ipo, kwa sababu raidz1 ikiwa inajenga upya, diski nyingine ikifa umepoteza vyote.

Kwenye TrueNAS ingia sehemu ya Storage, chagua diski kwa namba yake ya kiwandani, *Offline*, zima, badilisha, washa, halafu *Replace*. Kama diski mbovu bado inasomeka na una tundu la ziada, ni bora uiache ndani mpaka mpya imalize kujengwa, unabaki na kinga muda wote.

Usiwape watu kazi nzito hadi *resilver* iishe. Pale ilichukua saa saba na nusu, tulianza saa kumi na mbili jioni studio ikifungwa.

Halafu rudia Hatua ya 1 na ya 4 zote. NAS haijapona mpaka namba zimepona. Asubuhi ile iostat ilionyesha diski nne zote kati ya 8 na 12, na faili la GB 10 likaingia kwa 112.

Zile namba, iperf3, hdparm ya kila diski na namba zake za kiwandani, tuliziandika kwenye karatasi na tarehe, tukaibandika kwa selotepu ubavuni mwa NAS. Siku ikizidiwa tena, wa kwanza kufika pale ataanza na hiyo karatasi.